Nani Atamjengea Ratemo Esaiga?

Wiki jana mliniacha kwenye uwanja wa ndege wa Port of Spain, nimekalia begi, obokano nimeupakata mapajani, na ndege iliyowabeba wenzangu imeshapotea mawinguni. Wengi mmenitumia pole. Wengine mmeniita mjinga. Nyote nawashukuru, hasa hao wa mwisho.

Kwa aliyeanza kusoma leo: mimi ni Sylvanus Ochoki wa Gesima, kule Nyamira. Napiga obokano, kile kinubi kikubwa cha Wakisii cha nyuzi nane. Ben Otiende, mpiga gitaa kutoka Homa Bay, alikusanya bendi akatupeleka Trinidad, kisiwa cha huko Karibi, kwenye tamasha. Tikiti za kurudi zilikuwa za Jumapili. Zikabadilishwa zikawa za Jumamosi. Mimi ni Msabato. Nikagoma.

"Bwana Ochoki," Ben alinisihi, "Sabato iko kila wiki. Ndege iko leo."

"Jua likitua nitakuja."

"Jua likitua sisi tutakuwa juu ya bahari."

"Basi Mungu awafikishe."

Akawafikisha. Mimi nikabaki. Nilidhani tikiti ya ndege ni kama ya basi la Kisii, ukikosa la asubuhi unaomba kiti cha jioni. Binti wa kaunta aliiangalia tikiti yangu akasema, "Anko, hii imekufa."

Aliyeniokoa ni Sista Verna, mjane niliyekaa naye benchi moja kanisani asubuhi ile. Ndiye aliyenipeleka uwanjani kwa gari lake, na alipoona naingia mzima mzima na jua limeshatua, hakuondoka. Alikaa kwenye gari akiningoja. Nilipotoka nikiburura begi, alifungua mlango tu.

"Nilijua," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Akanipa chumba cha mwanawe aliyehamia Kanada, mtaa wa Belmont, mlimani kidogo. Sista Verna ni mwema. Watu wa Belmont ni wema. Wananiita "Kenya" na kunipungia mkono kila nipitapo. Lakini jamani, upweke! Sikujua mtu anaweza kushiba, akalala kwenye godoro zuri, na bado akawa na njaa ya kitu asichoweza kukitaja. Hakuna wa kuongea naye Ekegusii. Asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya kioo najisalimia mwenyewe: "Bwakire buya, Ochoki." Kisha najiitikia. Sista Verna akanisikia mlangoni akadhani nina mgeni.

Niliwapigia Ben na wenzake. Simu ya Ben ikawa inaita tu. Nikawa naishi kwa simu moja, ya mke wangu Nyanchera. Kwetu kukiwa jioni, Port of Spain ni mchana. Nikishakula chakula cha mchana nakaa kwenye ngazi za nje, namngoja.

Siku hiyo akapiga mapema kuliko kawaida.

"Baba Ratemo, umekula?"

"Nimekula wali na dengu. Mtoto?"

"Yuko ndani. Wanasema anapona vizuri."

Hapa niwaeleze, maana hili ndilo jambo lenyewe. Ratemo ni mwanangu wa pekee. Ametahiriwa likizo hii ya Desemba. Yuko jandoni na wenzake, na watatoka kabla ya Krismasi. Nami nilipanda ndege nikijua nitakuwa nyumbani zamani kabla hajatoka, kwa kuwa kuna kazi inayoningoja.

Kijana wa Kisii akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya mamake. Ni mwiko. Anajengewa esaiga, kibanda chake mwenyewe, uani. Na anayeijenga ni babake, katika boma la babake. Siku ya kutoka jandoni kila mtu anaangalia mvulana anaelekea esaiga ya nani, na hapo mjadala wa mtoto ni wa nani unakwisha.

Sikuwa nimesimamisha hata nguzo moja.

"Kuna neno," Nyanchera akasema.

"Sema."

"Ombati amerudi."

Ombati ni mtu wa Nyacheki. Ndiye aliyempa Nyanchera mimba ya Ratemo akatokomea Narok kupasua mbao. Ratemo alikuja kwangu Gesima akiwa anatambaa. Sikumzaa, nimemlea. Nimembeba mgongoni akiwa na malaria, nimemfundisha kufunga nyuzi za obokano, na hajawahi kuniita jina lingine ila Tata, yaani baba. Ombati hakuwahi kuleta hata peremende.

"Anataka nini? Si ana familia yake?"

"Amezaa wasichana watupu. Sasa amekumbuka ana mvulana."

"Amekuja kwangu?"

"Hapana. Amekwenda Nyaramba kwa baba. Na ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa maziwa. Ana ndama wake."

"Na baba yako amemrudisha, sivyo?"

Akaniuliza kama huku kunanyesha.

"Nyanchera. Wamemkamua?"

"Ochoki, sikiliza..."

Mke wangu haniiti Ochoki. Akiniita Ochoki najua kumeharibika.

"Nimekuuliza. Wamemkamua?"

"Chai ya jana ilikuwa na maziwa yake."

"Na wewe ukanywa?"

"Ulitaka nifanye nini? Nimwage chai ya baba yangu mbele ya wageni?"

Kwetu mtu hakamui ng'ombe asiyemtaka. Ukimkamua, umempokea, na ukimpokea, umempokea na aliyemleta. Ng'ombe wangu mimi wa mahari hawajawahi kufika Nyaramba. Safari hii ya Karibi ndiyo ilikuwa safari ya ng'ombe hao. Mkwe wangu alinisubiri kwa upole miaka yote, na sasa nimekwama kisiwani nikila dengu za watu.

"Tena amekata miti," Nyanchera akaendelea, na sasa analia. "Anamjengea Ratemo esaiga kwake Nyacheki. Mabati yamefika. Aki Baba Ratemo, rudi."

"Nitarudi lini? Kwa miguu?"

Nilimkaripia. Yeye analia, mimi namkaripia, bahari nzima iko katikati. Simu ilipokatika nilibaki nimeishika sikioni muda mrefu.

Kesho yake nikampigia mzee Manasseh, baba mdogo, mzee wa kanisa letu la Gesima na kichwa cha ukoo tangu baba afariki. Nilikuwa na hakika naye. Kwanza ndiye aliyenifanya nibaki Trinidad. Nilipomwona Ben akipakia mabegi Jumamosi ile, aliyekuwa machoni pangu si Mungu, nawaambia ukweli. Alikuwa Manasseh, amesimama mbele ya kanisa akisoma jina langu kati ya waliovunja Sabato.

"Baba mdogo, naomba unijengee esaiga ya Ratemo. Miti ipo, kata ile mikaratusi ya mtoni. Nikija tutamaliza mimi na wewe."

"Sylvanus, esaiga si banda la kuku. Nikisimamisha nguzo ya kwanza nimetangaza mbele ya ukoo kwamba huyu ni wetu. Ng'ombe wako wako wapi?"

"Si ndio nilikuja kuwatafuta!"

"Mwenzako amewapata. Wako Nyaramba wanakula nyasi."

"Mtoto huyu amekulia mikononi mwako. Umemfundisha kusoma Biblia."

"Nampenda. Lakini nikijenga leo, kesho Ombati ananishtaki kwa wazee, nami sina la kujibu. Wewe mwenyewe ungekuwa hapa, ungejenga kwa mikono yako, ningekaa kimya. Hakuna mtu angebomoa. Kwani wenzako walirudi, wewe ulibaki kufanya nini?"

"Ndege ilikuwa ya Sabato, baba mdogo."

"Enhe?"

"Ndio nikakataa kupanda. Kwa ajili ya Sabato."

Akacheka, kile kicheko chake cha kikohozi.

"Sylvanus, kwani wewe ndiye ulikuwa unaendesha?"

"La, lakini..."

"Wewe ungekuwa umeketi tu na Biblia yako. Anayefanya kazi ni rubani. Hiyo ni hesabu yake na Mungu."

Nyasae one! Mungu wangu! Mzee niliyemwogopa kuliko radi ananiambia ningepanda! Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikaingia bafuni, nikafungulia maji ili Sista Verna asinisikie, nikalia hadi kifua kikauma.

Alinisikia hata hivyo. Nikamweleza yote mezani: Ombati, ng'ombe, chai, esaiga. Hakuelewa habari ya ng'ombe, ikabidi nirudie mara kadhaa. Habari ya mtoto aliielewa mara moja.

"Kwa hiyo ukifika kabla hajatoka, hata ukiwa na kuni mbili na bati moja, unasimamisha kibanda na mtoto ni wako?"

"Nikifika tu."

"Basi utafika."

Sabato iliyofuata alisimama kanisani akawasimulia. Waumini wakaguna, akina mama wakatoa leso. Mtu mmoja mwenye ofisi ya usafiri akasema atanitafutia kiti. Na kweli, siku chache baadaye Sista Verna akaingia jikoni akipunga simu yake juu.

"Kenya! Umepata! Unaondoka wiki hii!"

Nilimwinua yule mama kwa kiuno, na si mwepesi. Nilicheza jikoni peku. Nikampigia Nyanchera bila kujali ni saa ngapi kwao.

"Nakuja! Mwambie Manasseh aninolee panga. Nikishuka naenda moja kwa moja kwenye mikaratusi!"

"Kweli, Baba Ratemo?"

"Kweli kabisa!"

Akapiga kigelegele kwenye simu. Nikasikia na mbuzi wetu akilia nyuma yake. Siku hiyo sikuhisi upweke hata kidogo, nilikula sahani mbili za dengu.

Furaha ya maskini haidumu. Yule mtu wa usafiri alipoleta karatasi zangu aliniuliza swali dogo tu.

"Viza ya kupitia iko wapi?"

"Ya kupitia wapi?"

Ndege ile inabadilishwa nchi nyingine njiani, na nchi hiyo haikuachi ukanyage hata uwanja wake bila ruhusa. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya safari moja, ile ya bendi. Imekwisha. Lazima kuomba mpya na kuwaachia pasipoti yangu.

"Watajibu lini?"

"Krismasi ofisi zinafungwa," akasema, na hakuniangalia. "Mwaka mpya. Labda."

Nikamwambia Nyanchera. Hakulia. Alisema, "Haya," halafu akasema chakula kinaungua jikoni, akakata.

Sasa nakiri neno ambalo sijalikiri kwa mtu. Mimi ni shemasi. Nilipiga magoti chumbani mwa mtoto wa Sista Verna, nikafumba macho, nikamwomba Mungu aiteketeze esaiga ya Ombati. Niliomba kwa Ekegusii, kwa sauti, nikitaja mabati, nguzo na bawaba za mlango. Nikaomba radi. Nikaomba mchwa, kama radi haipatikani.

"Amina!" Sista Verna akaitikia kutoka jikoni. "Omba, Kenya, omba! Nahisi Roho!"

Nikaona aibu, nikanyamaza. Lakini sikuifuta ile dua.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na wageni. Mwezi wa Desemba watu wa Trinidad huenda nyumba kwa nyumba wakiimba parang, nyimbo za Krismasi za Kihispania, na vigitaa vyao vidogo vya nyuzi nne. Wanaingia sebuleni kwako, wanaimba, wanakula, wanakwenda kwa jirani. Mchana huo walijaa kwa Sista Verna. Vicheko, watoto chini ya meza, keki nyeusi, juisi nyekundu ya rozela. Kila mtu ila mimi alikuwa kwao.

"Kenya naye apige!" mmoja akasema. "Lete hilo dude lako!"

Sikutaka. Wakanishika mkono. Nikakaa kwenye kiti kifupi, nikauweka obokano chini mbele yangu, nikaanza wimbo ambao kwetu huimbiwa vijana wakitoka jandoni. Sikuuchagua. Vidole ndivyo vilivyokwenda huko. Sauti ile nzito ikajaa chumba na wote wakatulia. Kisha mzee mwenye kigitaa akaanza kunifuata polepole, mwingine akagonga meza, na kwa muda nikawa na bendi tena.

Simu ikatetemeka mfukoni.

Namba ngeni, ya Kenya. Nikaacha wimbo katikati, nikatoka nje hadi penye kamba ya nguo.

"Haloo?"

"Tata."

Sauti ya chini, ya kunong'ona. Nilijua ni nani kabla moyo haujajua.

"Ratemo? Ratemo, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Momura one! Mwanangu! Umepona?"

"Nimepona. Nilikuwa natoka damu kidogo lakini imeisha. Sikulia, Tata. Hata kidogo."

"Najua hukulia. Nani aseme ulilia?"

Akacheka. Nami nikacheka, machozi yakinitiririka, mbele ya shuka za Sista Verna. Kwa wiki zote zile sikuwa nimeomba kitu kingine. Sauti hiyo tu. Nikamuuliza anakula nini, nani amelala karibu naye, kama kunanyesha Gesima. Akasema kunanyesha sana na kuni zinatoa moshi.

Ndipo akili ikanirudia.

Kijana akiwa jandoni haonani na babake. Wala hasemi naye neno. Mpaka atoke, mpaka babake ampokee. Anayemtunza humo, omosegi, kazi yake kubwa ni kulinda mwiko huo. Kijana akiuvunja, ni aibu ya boma zima, na huletwa kondoo wa kusafisha.

"Ratemo, kata simu! Umeipata wapi? Omosegi akikukuta tumekwisha!"

"Ndiye amenipa."

"Nani?"

"Omosegi. Yuko hapa karibu. Ni simu yake."

"Haiwezekani. Yeye anajua sheria kuliko wote."

"Nilimwambia hivyo, Tata. Nilimwambia siwezi kuongea na wewe mpaka nitoke. Akasema hiyo sheria ni ya baba. Akasema kwako hakuna shida."

Nikaishika ile kamba ya nguo.

Nilikuwa nimemlilia Mungu anipe sauti ya mtoto huyu. Sasa ninayo sikioni, na ningetoa kila nilicho nacho ninyimwe. Wangempokonya simu, wangemchapa kwa kuthubutu, ningeruka kwa furaha. Kumbe wazee wameshakaa, wameshaamua, na hakuna aliyenipigia kunieleza. Wamempa tu mtoto simu.

"Tata? Uko?"

"Niko."

"Ombati alikuja jana na wazee wa kwao. Walisimama nje. Wakasema nikitoka, yeye ndiye atanipokea, esaiga iko tayari. Wakaniambia niitikie nikiwa humu ndani."

"Ukaitikia?"

"Nilisema kuna mtu ninamngoja."

Nikaikandamiza simu sikioni.

"Wakauliza huyo mtu ni nani wangu. Nikasema ni Tata. Wakasema Tata ndiye huyu amesimama hapa nje. Wameniambia nifikirie vizuri, wanarudi leo." Sauti yake ikashuka kabisa. "Nawasikia langoni. Wakiniuliza tena wewe ni nani wangu, niseme nini?"

Sebuleni walikuwa wameanza kupiga makofi wakiniita, "Kenya! Kenya! Rudi umalizie!"

Nilimsikia Ratemo akipumua, ananingoja nijibu.